Jina Kapuni: Kutoka Vita vya Nyuki Tanga Mpaka kwa Bibi, Lushoto

Mkikuta tumeandika "jina kapuni" hapa mnajua maana yake. Kuna staa kafanya yake, jina tunalo, ila tunalificha kwa sababu zetu. Leo naleta stori ya watu ambao majina yao yalitupwa kapuni zaidi ya miaka 100 iliyopita, na waliofanya hivyo hawakuwa wanamlinda mtu yeyote. Waliona tu hakuna haja ya kuyaandika.

Stori nimeipata barabarani. Tulikuwa watatu, mimi na binamu zangu wawili, IST ya kuazima, mafuta tumechangishana. Siku nne: Dar, Chalinze, Segera, tulale Tanga mjini, halafu turudi Segera tushike njia ya Korogwe na Mombo, tupande Lushoto kwa bibi mzaa mama. Mpango wa mwanzo ulikuwa bibi tu. Tanga niliichomeka mimi, maana nimekuwa nasoma soma habari za vita vya mwaka 1914 na nilitaka kupaona pale vilipopiganwa. Binamu mmoja akalalamika kwamba hakuchukua likizo ili arudi darasani. Alipofika Raskazone akaiona ile bahari, akanyamaza mwenyewe.

Kwa waliokuwa wanalala kipindi cha historia, nawakumbusha kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya mwishoni mwa Julai 1914. Huku kwetu kulikuwa koloni la Mjerumani, Kenya ilikuwa ya Mwingereza. Mwingereza akatafuta njia ya mkato: aichukue Tanga, bandari ambayo ndiyo mwanzo wa reli ya kwenda Moshi, mengine yatajipa. Akakusanya jeshi la watu 8,000 hivi, wengi wao Wahindi, wakapakiwa melini kutoka Bombay katikati ya Oktoba. Walikaa baharini wamebanana zaidi ya wiki mbili, wengine wanaumwa. Aliyewaongoza ni jenerali Arthur Aitken, na kwa kila dalili alidhani anakuja kuokota mji.

Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza, Fox, ikaingia Tanga. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani akaitwa melini akaambiwa asalimishe mji. Hapo hapo nahodha akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu. Yaani unakwenda kuvamia nyumba ya mtu halafu unamuuliza mwenye nyumba mlango gani hauna mbwa! Mjerumani akaomba muda, akapewa. Wakati huo treni zilikuwa njiani zinateremsha askari kutoka upande wa Moshi.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu 1,000 hivi tu, wengi wao askari weusi. Alfajiri ya kuamkia mapambano makubwa akachukua baiskeli, akazunguka kimya kimya kuangalia adui yuko wapi. Kwa hiyo watu wa Tanga mkitaniwa kwa baiskeli zenu, waambieni hata vita yenu imepita kwenye baiskeli.

Waingereza walishukia Raskazone. Jaribio la kwanza, tarehe 3, wakarudishwa. Tarehe 4 mchana wakasonga wote, wakipita mashambani na vichakani kwenye jua kali, na baadhi yao walifika mpaka mjini wakapigana nyumba kwa nyumba. Kisha wakapigwa kutoka ubavuni, mstari ukavunjika. Katikati ya hayo nyuki wakavurugwa na risasi, wakatoka kwenye mizinga yao, wakauma kila aliyekuwa mbele yao, Mwingereza na Mjerumani sawa. Tarehe 5 jeshi lote likarudi melini na kuacha bunduki kwa mamia na risasi zaidi ya laki 5. Upande wa Mwingereza walikufa watu 360 hivi, majeruhi 487. Upande wa pili walikufa askari weusi 55 na Wajerumani 16.

Ndo ikaitwa Vita vya Nyuki. Ukiitafuta leo, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni nyuki.

Nilikaa ufukweni pale nikawaza sana kuhusu hao nyuki. Sibishi kwamba waliuma, walioumwa wamesimulia. Ila nyuki wakauma pande zote mbili, sasa wamemshindishaje mmoja? Kilichoshinda ni reli iliyoleta watu kwa wakati, na wale askari ambao walitulia wakapiga kwa shabaha wakati wenzao wameshachoka na safari ya bahari. Kwa jenerali aliyeshindwa, ni nafuu kurudi kwao ukasema ulifukuzwa na wadudu kuliko kusema ulipigwa na Waafrika elfu moja. Baadhi ya Waingereza walidai hata kwamba Mjerumani aliwatega nyuki kwa makusudi. Mnaona mtu anavyoweza kuhangaika ili tu asimtaje aliyempiga.

Raskazone ya leo ni mtaa wa kishua, nyumba kubwa na miti mikubwa, watoto wanaogelea. Ukishuka mjini kuna lile boma la zamani la Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga, nendeni. Makaburi ya vita yapo pia, na yanatunzwa. Nilizunguka kati ya mawe nikisoma. Nilichokuwa natafuta ni jina la mpagazi, hata mmoja. Sikuliona.

Kwa nini mpagazi? Kwa sababu bunduki haijipeleki. Risasi, mahindi, mahema, dawa, mpaka viti vya maofisa, vyote vilibebwa na watu. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yalikuwa machache na barabara hakuna. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi. Chukua mfuko wa saruji, ugawe nusu, uweke kichwani, utembee siku nzima kwenye matope, kesho tena, miezi kadhaa. Chakula kidogo. Hapo ndipo walipokufa kwa kuhara damu, malaria, vichomi na njaa, wengi kuliko waliouawa na risasi.

Siku ya tatu tukaondoka Tanga. Kuanzia Muheza njia ni mkonge tu, mistari imenyooka kama imechorwa na rula. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani mwaka 1893, miche 1,000 ikaagizwa kutoka Florida, 62 tu ikafika hai, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote hayo. Mwaka huo huo 1893 reli ikaanza kujengwa Tanga. Ilifika Mombo 1905. Binamu anayeendesha akauliza nani aliijenga. Swali zuri.

Watu wa milimani walikuwa na mashamba yao na maisha yao, hawakuwa na haraka ya kwenda kumlimia mzungu. Kwa hiyo mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ukaja utaratibu wa kadi. Kila mwanaume amfanyie mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ijazwe. Wilhelmstal ndiyo Lushoto hiyo hiyo, Wajerumani waliipa jina la mfalme wao. Nataka mlikumbuke hili la kadi, kwa sababu vita vilipofika Usambara, watu wa huku walikuwa wameshazoeshwa kuhesabiwa na kupelekwa.

Ukifika Mombo unakata kulia unaanza kupanda. Ni kilomita 30 na ushee za kona, upande mmoja jiwe, upande mwingine hewa. IST ilipumua kwa shida lakini ilipanda. Joto la chini linaisha ghafla, unafunga vioo, unaanza kutafuta sweta. Soni wanauza peasi na pichesi kwenye ndoo ndogo, maporomoko ya maji yako pale pale. Mashabiki wa picha mnaifahamu zaidi Irente, kule juu ya Lushoto mjini ambako kuna staa mmoja, jina kapuni, alipiga picha amening'iniza miguu kwenye jabali mashabiki wakataka kuzimia. Sisi tuliishia Soni. Bibi yuko huko juu juu.

Karibu na Soni kuna mahali panaitwa Sakharani. Leo ni shamba la watawa Wabenediktini, wanalima makadamia na kutengeneza mvinyo. Mimi nimelisikia jina hilo tangu mtoto na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Limetoka kwa mzungu mmoja, Tom von Prince, afisa wa jeshi la Mjerumani. Alikuwepo kwenye shambulio la Kalenga mwaka 1894, akawa miongoni mwa waliomwinda Mkwawa mpaka mwaka 1898 Mkwawa alipojiua. Watu walimpa jina Bwana Sakarani. Neno hilo asili yake Kiarabu, maana yake mlevi, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba pombe yake ilikuwa vita. Alipoacha jeshi akaja kuwa mkulima hapa Usambara. Vita vya 1914 vilipoanza akarudi jeshini, na tarehe 4 Novemba akauawa Tanga, kwenye vita ile ile ya nyuki.

Kwa hiyo kutoka kwa bibi unapaona mahali penye jina la utani la mtu aliyefia kule tulikotoka jana. Jina lake la kuzaliwa lipo vitabuni, la utani lipo mlimani. Alikuwa mgeni, alikaa hapa miaka kumi na kitu.

Bibi tulimkuta jikoni. Tukamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba wajukuu zangu, halafu akanishika mkono akaniambia "mume wangu umekonda, huko Dar hawakupikii?" Tukala, tukaota moto. Nilipomweleza tumetoka kuangalia mahali Mwingereza alipopigana na Mdachi, hakushangaa. Wazee huku Mjerumani wanamwita Mdachi. Akauliza tu, "Na baba mkubwa mmemkuta?"

Hakuna kati yetu aliyejua anamzungumzia nani.

Baba yake bibi alikuwa na kaka. Bibi hakumwona, alisimuliwa na baba yake. Mwaka hautaji, anasema ni wakati Mwingereza alipokuja kumfukuza Mdachi. Kwenye vitabu hiyo ni Juni 1916: safari hii Waingereza hawakuja kwa meli, waliteremka kutoka upande wa Kilimanjaro wakifuata reli na mto Pangani, wakaichukua Mombo, wakapanda wakaichukua Wilhelmstal. Tanga yenyewe wakaingia Julai, Wajerumani wameshaondoka. Pande zote mbili zilikuwa zinakamata watu wa kubeba mizigo, anayeondoka na anayeingia.

Huyo baba mkubwa alikuwa kijana, ndo kwanza ameposa. Alishuka Mombo na wenzake kwa shughuli zao. Wakashikwa, wakahesabiwa, wakapewa mizigo. Hakuna aliyerudi kuaga. Baada ya muda mrefu alirudi mmoja tu wa wale wenzake, amebaki mifupa. Akasema waliachana upande wa Handeni, mwenzie anaharisha damu, na msafara haukuwa unasubiri mgonjwa.

"Sasa hapo," bibi akasema, "utaweka matanga? Mtu hujaambiwa amekufa. Umeambiwa ameachwa njiani."

Hawakuweka matanga. Mama yake akaendelea kumbakizia chakula cha jioni. Mchumba akasubiri misimu miwili, kisha akaolewa kwingine, na bibi anasema hakuna aliyemlaumu. Kaburi hakuna. Kilichobaki ni jina. Bibi alipozaa mtoto wa kiume akampa jina hilo, na huyo ni mjomba wangu, ambaye alikuwa amekaa pale pale jikoni anamenya magimbi. Miaka yote nimemwita mjomba, sikuwahi kuuliza jina lake limetoka kwa nani.

Nikatoa simu niandike. Bibi akanizuia. "Jina usiliweke huko kwenye mitandao yenu. Utaandika fulani alikufia vitani, kesho watu waanze kumpigia mjomba wako simu za pole." Tukacheka mpaka moshi ukatuingia. Kwa hiyo, wasomaji, jina kapuni. Safari hii kwa amri ya mwenye jina.

Usiku ule sikulala mapema. Nikarudi kwenye hesabu nilizokuwa nimezisoma na kuzipita. Mwingereza peke yake, mpaka vita vinaisha mwaka 1918, alichukua wapagazi wanaokaribia milioni moja Afrika Mashariki na majirani zake. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe waliokufa ni zaidi ya 90,000. Hapo hujaweka waliombebea Mjerumani. Lettow-Vorbeck, yule wa baiskeli, alikwepa kwepa mpaka Novemba 1918, akasalimu amri mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia, na baadaye akarudi Ujerumani akapokewa kama shujaa. Kila hatua aliyokwepa kulikuwa na watu wamebeba.

Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda wanafika 350,000, waliofia upande wa Waingereza kwenye vita vile hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Sababu iliyotolewa enzi hizo kwa kutoweka mawe ilikuwa kwamba watu hawa hawakuwa wamefikia kiwango cha kuthamini kaburi lenye jina. Nikamkumbuka mama aliyekuwa anabakiza chakula kila jioni.

Watu wa Dar, ile sanamu ya Askari pale Posta mnayopita mkiwahi mwendokasi iliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika wa vita hii. Ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi kuna sanamu ya namna hiyo hiyo, lakini wale wako watatu na mmoja wao ni mpagazi. Sisi mpagazi hatukupewa sanamu yake. Tulipewa Kariakoo. Jina hilo ni Kiingereza kilichotamkwa Kiswahili, lilikuwa la kikosi cha wapagazi, na kambi yao ilikuwa pale Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916. Mtaa unaitwa kwa kazi yao. Wao wenyewe wanaitwaje, hakuna kibao.

Mjomba anapeleka karoti, kabichi na hoho Dar. Fuso inapakia jioni, inateremka zile kona usiku, alfajiri iko sokoni. Nilimwambia maana ya Kariakoo akiwa anafunga magunia. Akasimama kidogo. Akauliza, "Kwa hiyo huenda alifika?" Nikamwambia sidhani, kama waliachana Handeni. Akasema "sawa," akaendelea kufunga, kisha akauliza tena baadaye, jeshi lile baada ya Handeni lilielekea wapi. Nikamwambia Morogoro, waliingia Agosti 1916, halafu Rufiji, ambako mvua za 1917 ziliwamaliza watu wengi sana.

Bibi tumemrekodi sauti, dakika 41, ipo kwenye simu yangu na za binamu wote wawili. Kataja majina manne mengine ya watu wa kijijini waliokwenda na hawakurudi, anayajua na ukoo wa kila mmoja. Haya nayo hataki niyaweke hapa mpaka aongee na wenyewe. Mjomba amekubali kuzungukia hizo nyumba nne.

Safari ijayo ni Handeni, tufuate njia ile mpaka Morogoro. IST haitufai kwa barabara zile. Mjomba amesema atakuja, ila baada ya msimu wa karoti.